Mlango wa Kubisha Usiku wa Manane

Ijumaa iliyopita, tukiwa tumeketi Corniche, ufukweni hapa Doha, Qatar, mwenzangu Mfilipino alitoa kadi kwenye mkoba wake, akamnakilia msichana aliyefika juzi nambari ya ubalozi wao inayopokelewa usiku na mchana. Kwao lilikuwa jambo la kawaida, wakaendelea na mazungumzo. Mimi nilishikwa na wivu ambao haujaniisha, kwa sababu nambari pekee niliyosafiri nayo kutoka Nairobi ilikuwa ya ajenti, na ajenti huyo aliacha kupokea simu zangu tangu nilipopanda ndege.

Kadi ile haikutokana na huruma ya balozi fulani. Mwezi Machi 1995, Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino, na hasira iliyozuka nchini mwake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kufikia Juni mwaka huohuo sheria ya kuwalinda wafanyakazi walio ng'ambo ilikuwa imepitishwa. Sheria hiyo na kanuni zake zinaagiza kwamba katika nchi yenye wafanyakazi wao wasiopungua 20,000, ubalozi uwe na kituo cha kuwahudumia kinachofunguliwa saa 24, hata wikendi na sikukuu.

Sisi tulifanya nini? Agosti 2020, baada ya mlipuko wa bandari ya Beirut, dada zetu walilala barabarani nje ya ubalozi mdogo wa heshima wa Kenya wakiomba kurudishwa nyumbani. Picha zao zilisambaa, tukalia, tukachanga, kisha tukasahau. Serikali hiyohiyo hutusifu kila bajeti inaposomwa, kwa kuwa pesa tunazotuma zimeyapita mapato ya chai.

Najua nitaambiwa kwamba nimepanda ndege mara moja na sasa nawaona Wakenya wenzangu washamba. Sivyo hata kidogo. Ninajivunia kwamba Mkenya akipata shida huku, Wakenya wengine hujibana kitanda kimoja ili apate pa kulala, na sijaona watu wanaochanga nauli ya maiti kwa haraka kama sisi. Lakini wema huo ndio unaotuponza, kwa sababu umeiruhusu serikali kujificha nyuma yake.

Mfanyakazi wa nyumbani anapokimbia nyumba ya mwajiri usiku, saa zake za kwanza ndizo zinazoamua atakuwa nani mbele ya sheria. Akifika kwenye makazi ya hifadhi yanayotambuliwa, anaandikishwa kuwa mlalamikaji: afisa anaandika majeraha yake na mishahara anayodai, anampigia mwajiri simu kuhusu pasipoti, na kesi inaanza akiwa na shahidi. Akifikia chumba cha rafiki, hata kama rafiki huyo ni malaika, mwajiri huwahi kuripoti kwamba ametoroka, na kuanzia hapo yeye ni kemboi, mtu wa kufanya vibarua vya kujificha, anayeogopa polisi kuliko alivyomwogopa bosi wake. Kwa hiyo makazi si kitanda na chakula tu. Qatar iliondoa kibali cha kutoka nchini kwa wafanyakazi wa nyumbani Januari 2020, na Septemba mwaka huo ikaruhusu kubadili kazi bila idhini ya mwajiri, hatua ambazo nazishukuru kwa dhati, ila haki hizo hazimsaidii aliyekwisha kuitwa mtoro na ambaye hana pa kusimama akizidai.

Kuna watakaosema kwamba Wafilipino nao huteswa. Ni kweli, na kwa uchungu mkubwa: mwaka 2018 mwili wa mmoja wao ulikutwa ndani ya friza huko Kuwait. Lakini serikali yao mjini Manila ilisimamisha safari za wafanyakazi kwenda Kuwait na kuilazimisha nchi hiyo kuketi mezani. Wengine watasema tuwazuie wasichana wasisafiri kabisa. Tulijaribu mwaka 2014, na waliotaka kwenda walipitia nchi jirani bila mkataba wala rekodi, wakawa rahisi zaidi kupotezwa. Na yule atakayeniuliza ni nani aliyenituma huku, namwomba aniambie ni kazi gani iliyonisubiri pale nyumbani.

Wengine watalalamika kwamba hatuna fedha. Mfuko wa ustawi wa Wafilipino hudai dola 25 kwa kila mkataba. Ajenti wa Nairobi hupokea zaidi ya hapo kwa kila msichana anayempeleka, kwa hiyo sioni ugumu wa kumtaka alipe kiasi kama hicho kabla ya mkataba kuidhinishwa, fedha hizo zikalipia makazi katika kila mji wa Ghuba wenye Wakenya wengi, na nambari ya makazi hayo ikabandikwa ndani ya pasipoti kabla msichana hajafika uwanja wa ndege.