Mtoto mnene mwenye pumu: kipi kilianza?

Mtoto akiwa na kilo nyingi halafu ana pumu, mzazi anaambiwa neno moja tu, mpunguze uzito. Wakishasema hivo wanaona wamemaliza. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari, maana pumu nayo inaweza kuleta unene, na nusu hiyo ikiachwa anayeumia ni mtoto.

Wanaosema unene unaleta pumu wana hoja nzito, tusiwapuuze. Mafuta ya mwilini hayajakaa bure, seli zake zinatoa homoni. Kuna leptini, iligunduliwa 1994, kazi yake kubwa ni kuujulisha ubongo kwamba umeshiba, ila ikizidi inachochea kinga ya mwili na kuleta uvimbe wa ndani kwa ndani, na wakati huohuo adiponektini ambayo hutuliza huo uvimbe inapungua kadiri mafuta yanavyoongezeka. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2018 ulipitia rekodi za watoto zaidi ya laki 5, ukakadiria kwamba kwa watoto wanene karibu robo ya pumu mpya inatokana na unene wenyewe. Robo sio kidogo.

Halafu kuna balehe, na hapa ndo mimi naona homoni zina nguvu kweli. Utotoni wavulana wenye pumu ni wengi kuliko wasichana, wakishakua inageuka, wanawake ndo wanaongoza. Kule Tucson, Arizona, Marekani, watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na wasichana walionenepa kati ya miaka 6 na 11 walikuwa na uwezekano kama mara 7 zaidi wa kuanza dalili mpya za pumu wakifika miaka 11 au 13, hasa wale waliobalehe mapema, lakini kwa wavulana haikuonekana hivo. Na unene wenyewe ni kati ya vitu vinavyomfanya msichana avunje ungo mapema, kwa hiyo unaona jinsi mambo yanavyofungana.

Sasa geuza upande. California ya kusini walifuatilia watoto zaidi ya 2,000 ambao mwanzoni hawakuwa wanene, wa chekechea na darasa la kwanza, na waliokuwa na pumu tangu mwanzo hatari yao ya kunenepa miaka iliyofuata ilikuwa juu kwa asilimia 51. Na wala haishangazi. Mtoto anakimbia raundi moja kifua kinabana, anasimama pembeni kainama, mikono kwenye magoti, anahema mdomo wazi na shingo inavuta, wenzake wanamwangalia. Kesho yake anajitolea mwenyewe kushika viatu vya wenzake ili asicheze, mwaka mzima unapita hivo. Akizidiwa anapewa vidonge vya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na hivyo vikitumika mara kwa mara vinaongeza hamu ya kula na uzito.

Kwenye utafiti huohuo wa California, watoto wenye pumu waliotumia inhela ya kutuliza, ile ya kufungua mirija kifua kikibana, walionekana kuwa na hatari ndogo ya kunenepa. Hilo halithibitishi kwamba inhela ndo ilizuia unene, na inhela hiyo sio ya steroidi, lakini bado simkubalii mtu anayemfichia mtoto dawa eti steroidi itamnenepesha. Steroidi ya kuvuta ni dozi ndogo inayoenda moja kwa moja kwenye mapafu, sio sawa kabisa na vidonge, na ukiiacha pumu inachachamaa halafu unaishia kwenye vidonge vilevile ulivyokuwa unavikimbia!

Ila na sisi tunaopenda kutaja homoni tusizidishe. Mafuta ya tumboni yanasukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, mapafu yasifunguke vizuri, na kwa baadhi ya watoto wanene mapafu yanakua haraka kuliko mirija ya hewa, kwa hiyo mtoto anahema sana hata kama uvimbe ni mdogo. Mtoto wa namna hii, steroidi ya kuvuta inaweza isimsaidie kama inavyomsaidia mwenzake mwembamba, na mwingine anayehema hata pumu hana. Ndo maana kabla ya kumwongezea dozi kwa kuangalia tu anavyotweta, mzazi aombe mtoto apulize kwenye mashine ya kupima pumzi, apewe dawa ya kutanua mirija, apulize tena, pumzi ikipanda vizuri hapo pumu inajionyesha yenyewe, isipopanda daktari ana sababu ya kuangalia na mengine.