Goli la Aziz Ki na hoja ya dakika 180

Aprili 5, 2024, Pretoria. Shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga lilimshinda kipa Ronwen Williams wa Mamelodi Sundowns, likagonga mtambaa wa panya, yaani mwamba wa juu wa goli, likadunda chini na kurudi uwanjani. Refa hakutoa goli, na VAR, yaani waamuzi wasaidizi wanaotazama marudio ya video, haikubadilisha kitu. Mechi zote mbili za robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika zikaisha 0-0, Mamelodi Sundowns wakaitoa Yanga kwa penalti 3-2.

Ukigusa mada hiyo mbele ya Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, jiandae kukaa. Atakwambia waliporwa. Mtani wake wa Simba atamjibu kwamba timu iliyocheza dakika 180 bila goli haina haki ya kulia na refa.

Hoja ya mtani ni tamu kwa utani, lakini inajizunguka. Kinachobishaniwa ni kama mpira ulivuka mstari. Ukisema "hamkufunga", umeshajibu swali kabla halijajadiliwa. Halafu Sundowns nao walimaliza dakika hizohizo bila goli, mbona hatuwasemi?

Ila na kilio cha Yanga kina tundu. VAR si teknolojia ya mstari wa goli. Teknolojia hiyo ina mfumo wake wa kufuatilia mpira, na saa ya refa hupata ishara papo hapo. VAR inategemea marudio ya televisheni, na kamera isipokuwa sambamba na mstari, mpira huonekana umezama au haujazama kulingana na pembe. Utaratibu wenyewe unataka kosa liwe la wazi kabisa ndipo uamuzi wa uwanjani ubadilishwe. Kwa hiyo inawezekana lile lilikuwa goli halali na bado waliokaa kwenye chumba cha VAR wakawa wamefuata sheria. Jibu hilo halimfurahishi mtu yeyote, najua.

Linganisha na Septemba 30, 2023, Tottenham dhidi ya Liverpool. Luis Díaz wa Liverpool alifunga, kibendera kikasema ameotea. Picha zilionyesha hakuotea. Lakini aliyekuwa kwenye VAR alidhani uwanjani goli limekubaliwa, akatamka kwamba ukaguzi umekamilika, mchezo ukaendelea. Liverpool, waliomaliza wakiwa tisa, walilala 2-1 kwa goli la kujifunga la Joel Matip dakika za nyongeza. Pale mtambo haukuwa na kosa hata chembe, watu ndio hawakuelewana. Kwa maoni yangu, malalamiko ya Liverpool yana uzito kuliko ya Yanga, kwa sababu ukweli ulikuwa mezani ukaachwa.

Benchi la ufundi nalo lisijifiche nyuma ya refa. Yanga walikuwa na mechi ya kwanza Dar es Salaam kumaliza kazi, kisha wakapewa nafasi nyingine kwenye mikwaju ya penalti. Hayo mawili hayana VAR ndani yake.

Juni 2024 klabu ya Wolves ilipendekeza VAR iondolewe Ligi Kuu ya Uingereza. Klabu 19 zilikataa, wakabaki peke yao, ingawa wengi wa hao 19 walikuwa wamewahi kuilalamikia. Nami ningepiga kura na hao 19, ila kwa Afrika ningeanza na teknolojia ya mstari wa goli, walau kuanzia robo fainali.