Huku mtoto anakula saa 11 jioni peke yake

Jamani mi niseme tu ukweli, kitu kilichonishinda kuzoea hapa Uingereza sio baridi wala shifti za usiku, ni hii ya kumkalisha mtoto wa miezi 7 kwenye kiti kirefu, umemfunga mikanda utadhani ndege inaruka, saa 11 jioni, peke yake, alafu we mama umesimama mbele na kijiko unamtolea macho. Wakubwa mtakula saa 2 akishalala. Majirani zangu hapa Coventry wengi wanaishi hivo na wala hawaoni ajabu, chakula cha mtoto kina saa yake, sahani yake, sufuria yake, mpaka ladha yake. Kwetu Tanga, Ngamiani, mtoto hana saa ya kula, saa ya kula ni ya nyumba nzima, kikifunuliwa kawa na yeye yupo.

Ila nisiwasingizie. Mtoto alipofika miezi 5 na nusu niliitwa kwenye darasa la kuanzisha chakula, wamama kama 8 tumekaa chini na watoto wetu, nesi anatuelekeza. Subiri karibia miezi 6, alafu uangalie mambo 3: awe anakaa na shingo imekaza, akiona kitu akidake akipeleke mdomoni mwenyewe, na ukimwekea chakula akimeze, asikisukume nje na ulimi. Chumvi isizidi gramu 1 kwa siku mpaka atimize mwaka. Asali marufuku mpaka mwaka. Zabibu uikate kwa urefu, vipande 4. Karanga nzima marufuku mpaka miaka 5. Mi naandika kwenye simu kama nina mtihani kesho. Mwisho akazunguka anauliza kila mmoja nyumbani kwenu mnakula nini, huyu akasema tambi, yule viazi vya kuponda, zamu yangu nikasema kwa sauti ndogo ugali, maharage na mchicha wa nazi, maana nilikuwa najua ataniandikia orodha ya vitu vya kwenda kununua. Akasema vizuri sana, mpe hicho hicho, punguza chumvi tu.

Nilishangaa nyie! Yaani serikali yao inasema mpe mtoto chakula cha nyumbani, kasheshe inaanza ukiingia supamaketi. Kuna korido nzima ya vipakiti vya kunyonya, vina kifuniko cha kuzungusha, mtoto anafyonza kama anakunywa juisi. Juu kimechorwa mchicha na brokoli, geuza nyuma usome, mara nyingi humo ndani tufaha ndio limejaa, mchicha umepita kusalimia. Ni vitamu, ni laini, havina cha kutafuna, na mtoto akizoea hivo vitu siku ukimpa mchicha wenyewe anakuangalia kama umemtukana. Mi nilivinunua sana, sitajifanya. Ukitoka shifti saa 3 asubuhi hujalala, mtoto analia, kile kipakiti ni mkombozi. Lakini kila nikimpa nasikia sauti ya mama.

Na mama simu yake ya video haina adabu, inaingia wakati wa chakula tu. Siku moja binti kashika kishina cha brokoli kilichochemshwa, anakitafuna na fizi. Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba hata haijaisha:

"We mwana, ndo unampa nini huyo? Mti?"

"Brokoli mama. Anajilisha mwenyewe, huku ndo wanavofanya."

"Anajilisha na mikono gani, pua yake yenyewe hajui ilipo. Kwani uji umeisha huko?"

Uji haujaisha mama. Unga wa lishe aliniwekea kilo 3 kwenye begi la mtu alokuwa anakuja, umefungwa matabaka kama dhahabu, na ndio ugomvi wetu wa pili huo ntaufikia.

Ugomvi wa kwanza ni miezi. Mama alinianzisha uji nina miezi 3 na kila siku ananikumbusha kwamba sikufa. Zamani nilikuwa nabishana nae kwa jeuri ya kusoma, namwambia mama Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 maziwa ya mama peke yake. Mpaka nilipozaa mwenyewe ndo nikakaa nikapiga hesabu. Kwetu likizo ya uzazi ni siku 84, ukizaa mapacha 100. Siku 84 hazifiki hata miezi 3! Mama alikuwa karani, siku zikiisha anarudi kazini, mtoto anabaki na bibi, bibi hana ziwa, ana ulezi na sufuria. We ulitaka anywe nini? Sheria inampa mama muda wa kunyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku, sawa, sasa ofisi iko mjini na wewe unakaa Pongwe, utapanda daladala ngapi kwenda na kurudi kwa hayo masaa 2. Mi huku nimepewa haki ya wiki mpaka 52, na 39 kati ya hizo zina malipo hata kama ni madogo. Nimekaa nyumbani nikanyonyesha miezi 6 bila kumuomba mtu ruhusa, alafu nakuja kumcheka mama eti hana elimu ya lishe. Hakukosa elimu, alikosa siku.

Lakini vingine sivitetei hata kwa dawa. Bibi yangu alikuwa anatulisha uji kwa kiganja, wa pwani na hata wa bara mnaijua hii, mtoto analazwa mapajani, mikono imebanwa, kiganja kinawekwa kwenye kidevu kama kikombe uji unamiminwa, akifungua mdomo kulia ndio unaingia. Nimeona mdogo wangu akilishwa hivo nikiwa na miaka kama 7, mpaka leo nikikumbuka ile sauti ya kukorota nafunga macho. Mtoto anapaliwa alafu watu wanasema ana kiburi.

Sasa Desemba tukaenda nyumbani, binti ana miezi 9. Nimebeba kiti cha kukunja, bibu za mikono, vipakiti 20, vijiko vya silikoni vinavobadilika rangi uji ukiwa wa moto. Kiti kilikaa kama kiti siku moja, asubuhi ya pili nakikuta uani kimewekewa ndoo.

Mchana ule mkeka umetandikwa ukumbini, sinia la wali, mchuzi wa nazi wa changu waliotoka soko la samaki la Deep Sea asubuhi hiyo hiyo, bakuli la mchicha pembeni. Shangazi yangu kamchukua mtoto kampakata, mguu mmoja umekunjwa, na mi nikakaa karibu moyo unadunda nawaza miba. Nikawa naangalia vidole vyake. Anachomoa mnofu kutoka mgongoni kwa samaki, anausugua kati ya dole gumba na cha shahada taratibu, mara 2, mara 3, unaona kabisa vidole ndio vinatafuta mwiba, macho yako kwingine anamsikiliza mtu anaongelea harusi ya Muheza. Akiridhika anauchanganya na wali na tone la mchuzi anaufinyanga kitonge kama kunde iliyovimba, hampi mdomoni, anakiweka ukingoni mwa sinia mbele ya mtoto. Mtoto anakiokota. Kingine kinadondoka, kingine kinaenda kwenye nywele, kingine kinaingia. Hakuna aliyesema ham ham, hakuna aliyegeuza kijiko kuwa ndege, hakuna hata mmoja alomtazama! Watu 9 wanakula wanaongea, na yeye kichwa kinageuka huku na huku anaangalia midomo ya watu inavyotafuna, alafu na yeye anatafuna. Mtoto huyu huyu ambae Coventry nikimsogezea kijiko anafunga mdomo na kugeukia ukutani.

Hapo ndo nilipoelewa tatizo langu, wala halikuwa brokoli. Tulikuwa tunamtazama mno. Hebu jifikirie wewe, mtu amesimama mbele yako hali, anasubiri umeze, kila ukimeza anapiga makofi, njaa si itakimbia? Na kinachonichekesha, huku wanayo njia wanaisifu sana, kwamba mtoto apewe chakula cha familia ajishikie mwenyewe ale mezani na wakubwa, watu wanalipia kozi kabisa za mtandaoni, na shangazi yangu anaifanya tangu sijazaliwa huku anaongelea harusi ya Muheza.

Ila msije mkanipa soda mapema. Nilikaa wiki 3 na macho yangu yanaona. Sinia tamu likiwa na mtu wa kukupakata kama shangazi. Siku shangazi hayupo binti akawekwa na binamu zake wa miaka 4 na 6, mikono ya wale ni ya umeme, samaki kaisha hata bismillahi haijapoa, mdogo kabaki na wali mweupe anaupapasa, na ukiuliza unaambiwa kala, si alikuwepo sinia moja na wenzie. Ndio maana manesi wetu kliniki wanasema kila mtoto awe na bakuli lake, ujue kala kiasi gani, na kwenye hilo mi niko upande wao. Tanzania utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikuta watoto chini ya miaka 5 waliodumaa ni asilimia 34, wa 2022 asilimia 30, imeshuka lakini ni watoto 3 kwenye kila 10, na mikoa inayoongoza ni ile ile inayotulisha sisi, Iringa, Njombe, Rukwa. Mahindi yapo ghalani. Mtoto anapewa uji mwepesi kama maji ya kunawa, tumbo linajaa linatoa mlio, damu haipati kitu, maana akishafika miezi 6 madini ya chuma ya ziwa hayamtoshi tena, anataka dagaa, anataka nyama, maini, yai. Sasa yai eti atachelewa kuongea, hii nimeambiwa na mtu mzima kabisa tena mwenye simu janja. Firigisi ni ya baba. Nyama ni ya wanaotafuta. Mtoto anywe mchuzi.

Haya, unga wa lishe. Mama anauchanganya mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga, vyote vinasagwa pamoja mashineni, na anaamini vikiwa vingi ndio nguvu inazidi. Wataalamu wa lishe kwetu wanasema tusirundike hivo, na karanga hasa zisikae ndani ya unga miezi, zina mafuta zinachacha, na zikipata unyevu zinaota sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ambayo huioni wala hainuki. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, sio hadithi ile. Lakini mama nae ana pointi yake, maana hapa Uingereza wamama walikuwa wanaogopa karanga kama bomu sababu ya aleji, mpaka 2015 watafiti wa King's College London wakatoa matokeo yao, walichukua watoto 640 wenye hatari kubwa ya aleji, wale walopewa karanga mapema, kati ya miezi 4 na 11 ndo walianzishwa, aleji ilipungua kwa kama asilimia 80 kuliko walonyimwa. Kumbe kuziogopa ndio kulikuwa kunaongeza. Kwa hiyo mi nimepita katikati, uji wa ulezi peke yake, ukiiva naweka kijiko cha karanga zilizosagwa laini, zisizo na sukari wala chumvi, nakoroga. (Kama mwanao ana ukurutu mkali au ana aleji ya yai muone daktari kwanza, sio mimi.) Mama nilimwambia unga wake tumemaliza. Tulimaliza sisi wakubwa.

Alafu kuna siku ya 10 binti akaharisha. Mama anasema meno, jirani anasema meno, muuza maandazi anasema meno. Mi najua ni tikiti maji lililokatwa barabarani, nililinunua kwa mkono wangu na nikampa kwa mkono wangu, sababu lilikuwa jekundu zuri na jua lilikuwa kali. Kliniki tukapewa ORS na zinki ya siku 10, na nesi akaniuliza kwa upole tu, huko Ulaya mnakula matikiti ya barabarani? Nikanyamaza. Akauliza na kadi, kama amepata matone ya vitamini A. Nikamwambia huku tunapewa ya D maana jua hakuna, akacheka sana, akasema yaani mnanunua jua kwenye chupa.

Tuliporudi nikamwambia baba yake tubadilishe. Ana shifti za mchana anafika saa 11 na nusu, basi tunakula saa 12, wote, mkeka nimetandika sebuleni juu ya zulia na chini yake nailoni kwa sababu nyumba ni ya kupanga na ile amana nataka kurudishiwa. Maharage nayagawa kabla sijaweka chumvi, ya kwetu natia baadae. Simu zinabaki jikoni. Siku nikiwa na shifti ya usiku mambo yanaharibika, baba mtu anampa kipakiti na katuni, najua, nakikuta kwenye pipa asubuhi kimefichwa chini ya maganda ya ndizi. Kiti kirefu sasa kinaanikiwa soksi.

Bakuli lake lakini nimemwekea, dogo la bati, anachota ugali anachovya kwenye mchuzi wa maharage, nusu inafika. Juzi mama kapiga katikati ya chakula, kaona mkeka kafurahi, kaniambia heee umekumbuka kwenu, alafu akasogeza uso kwenye simu.

"Sasa mbona umemtenga na bakuli lake kama mgeni?"

"Ili nijue kala kiasi gani mama."

"Kwani ukimshika tumbo hujui?"