Mbegu ya Shokishoki Haianikwi

Msimu wa shokishoki unapofika Zanzibar, mbegu huzagaa chini ya meza za wauzaji, na chache kati yake huokotwa na watu wanaotaka mti wao nyumbani. Nyingi ya hizo chache hufa kabla ya kuuona udongo, kwa sababu hutendewa kama kunde: huoshwa, huanikwa uani siku tatu, kisha hufungwa kwenye karatasi zikisubiri masika. Kwa kunde huo ni utaratibu sahihi. Kwa shokishoki, mangostini, duriani na fenesi ndio unaoua.

Sababu iko katika asili ya miti yenyewe. Shokishoki, mangostini na duriani ni miti ya misitu ya Malaysia na Indonesia, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Tunda likianguka huko hukuta unyevu chini, kwa hiyo mbegu haina haja ya kulala ikingoja mvua. Hutoka ndani ya tunda ikiwa imejaa maji, tayari kuota. Ikiyapoteza maji hayo kiinitete hufa, na hakuna kuloweka kutakakokirudisha. Friji nayo haisaidii, maana miti hii imezoea joto tangu mbegu na baridi huiua vilevile. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba pakiti ya mbegu kavu za shokishoki, mangostini au duriani inayouzwa mtandaoni haifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Muda wa kila mbegu ni tofauti. Ya shokishoki ikishatolewa kwenye nyama ina kama wiki moja, na kila siku inayopita hupunguza idadi ya zitakazoota. Ya mangostini nje ya tunda hukaa siku tatu hadi tano tu, lakini ikiachwa ndani ya tunda zima huweza kubaki hai wiki tatu hadi tano. Ya fenesi hustahimili hadi kama mwezi ikiwa haijakauka. Ikibidi kuzisafirisha, tuseme kutoka Pemba hadi Tanga, zioshe mpaka utelezi uishe, zizungushie vumbi la mbao lililoloweshwa na kukamuliwa hadi lisidondoshe tone, ziweke kwenye mfuko wenye hewa kidogo, na fungua mfuko kila baada ya siku mbili. Wanaovuka mpaka wapite kwa wakaguzi wa afya ya mimea. Wasiuone kuwa ni usumbufu: nzi wa matunda anayeitwa Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, husambaa akiwa funza ndani ya nyama ya tunda, na hasara yake kwenye maembe wakulima wetu wanaijua.

Walioko ughaibuni wana tatizo lao. Tunda la dukani Muscat au London huenda limekaa siku nyingi kwenye ubaridi, na mbegu yake imekwisha kufa ingawa nyama bado ni tamu. Marekani mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa ilipolifungulia soko lake mangostini na shokishoki la Thailand mwaka 2007 iliweka sharti kwamba matunda yapitishwe kwenye mionzi ili kudhibiti wadudu. Mbegu iliyopita kwenye mionzi hiyo si ya kutegemewa kabisa.

Sasa upandaji wa shokishoki. Chagua matunda yaliyoiva vizuri, makubwa, kutoka mti unaozaa sana. Nyama ya shokishoki hung'ang'ania mbegu, na ikibaki huleta ukungu na sisimizi, tena huchelewesha kuota. Ikwangue kwa kisu butu bila kuichubua mbegu, kisha sugua mbegu kwa mchanga mkavu na uisuuze kwa maji mara mbili tatu. Panda siku hiyohiyo. Ilaze ubavu, upande uliobapa uelekee chini, kina cha sentimita 2. Mbegu iliyosimamishwa wima hutoa shina lenye kiwiko na mzizi uliopinda, na kasoro hiyo mti hukua nayo. Chipukizi huonekana kati ya siku 9 na 25. Ikipita hapo, fukua moja uikague: ikiwa laini na yenye harufu mbaya, imeoza kwa maji mengi.

Panda moja kwa moja kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche, chenye upana wa sentimita 15 na kina cha 25 au zaidi, badala ya kuotesha kwenye sinia kisha kuhamisha. Udongo wa juu wenye rutuba ndoo tatu, samadi ya ng'ombe iliyooza ndoo mbili, mchanga wa mto ndoo moja. Samadi ya kuku iliyo mbichi huunguza mizizi. Funika viriba kwa wavu wa waya, kwa sababu panya huzifukua mbegu hizi usiku na kuku hupekua mchana. Juu weka kichanja cha makuti kinachozuia kama nusu ya jua.

Kinachowashinda wengi pwani ni chumvi na chokaa, na hapa nitakaa kidogo. Mshokishoki hupenda udongo wenye uchachu kiasi, pH ya 5 hadi 6.5, na hauvumilii chumvi hata kidogo. Ukiona ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, na ukavu huo unasogea ndani kidogo kidogo, chunguza maji kabla ya kutafuta dawa. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi ambayo mnazi unayastahimili, lakini mche wa shokishoki hauyawezi. Kinga maji ya mvua kwenye pipa. Mchanga wa ufukweni usiutumie, kwa sababu pamoja na chumvi una vipande vya makombe ambavyo ni chokaa tupu. Na vumbi la makumbi, ambalo ni zuri sana kwa kuhifadhi unyevu, uliza lilikotoka. Kama makumbi yalifukiwa ufukweni ili kusokota kamba, yamelowa maji ya bahari miezi kadhaa, na lazima yasuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi kabla ya kukaribia kiriba.

Chokaa huonekana kwa namna nyingine: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Chuma kimo ardhini, ila chokaa hukizuia kuingia mizizini. Kwa hiyo anayeishi kwenye ardhi ya uwanda, upande wa mashariki na kusini mwa Unguja ambako jiwe la matumbawe liko shibiri moja chini ya udongo, namshauri asihangaike na shokishoki. Kuchimba shimo na kulijaza udongo mwema hununua miaka michache tu, kisha mizizi hukutana na jiwe. Apande mtopetope au mstafeli. Hiyo haina ugomvi na chokaa, na mbegu zake ni za aina nyingine kabisa: hukaushwa kivulini, huhifadhika kwa miezi, za topetope hata miaka. Huloweshwa siku moja, hufukiwa sentimita moja au mbili, na huchukua mwezi au zaidi kuota. Matunda huanza mwaka wa tatu hadi wa tano. Mtopetope ukitoa maua mengi na matunda machache, fahamu kwamba ua lake huwa jike kwanza, kisha dume baadaye, na nyakati hizo mbili hazikutani. Kusanya chavua jioni kwenye maua yaliyofunguka kabisa, na asubuhi ipake kwa brashi laini ndani ya maua yaliyoanza tu kufunguka.

Ukiniuliza ni mti gani wa kigeni unaostahili zaidi kupandwa kwa mbegu nyumbani, nitasema mangostini, ingawa ndio unaowatisha watu kwa uchelewaji wake. Mbegu yake haitokani na uchavushaji. Hujitengeneza kutokana na chembe za mama pekee, na mti hauna chavua iliyo hai. Maana yake, kila mche ni nakala ya mti uliozaa tunda: hakuna dume, hakuna kubahatisha utamu, hakuna haja ya mti wa pili jirani. Mti mmoja uani unatosha. Kwa shokishoki na duriani miaka ya kungoja ni kamari; kwa mangostini ni kungoja tu.

Ndani ya tunda la mangostini, vipande vingi havina mbegu au vina mbegu nyembamba. Chukua zilizojaa, zenye uzito wa gramu moja au zaidi, kwa sababu mche huishi kwa akiba ya mbegu kwa muda mrefu na mbegu ndogo hutoa mche unaokufa mapema. Huota baada ya wiki tatu hivi, nyingine hadi wiki ya sita. Usishtuke ukiona shina likitokea ncha moja na mzizi ncha ya pili. Baadaye mzizi mpya huchipuka chini ya shina na kuchukua kazi, kwa hiyo usiichezee mbegu wala kuivuta kwa udadisi. Mzizi huo huenda chini moja kwa moja, una matawi machache na hauna vinyweleo vya kunyonyea maji. Hapo ndipo ulipo udhaifu wote wa mti huu. Kiriba kiwe na kina cha sentimita 30 au zaidi. Dumu la lita 10 lililokatwa juu na kutobolewa chini linafaa sana. Udongo usikauke hata siku moja wakati wa kaskazi. Unapohamisha, bonge la udongo lisivunjike, na usingoje mzizi ujikunje chini ya dumu.

Mche huingia ardhini ukiwa na urefu wa kama sentimita 60, kwa kawaida baada ya miaka miwili, mwanzoni mwa masika. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Panda migomba kuuzunguka umbali wa mita mbili, mwaka mmoja kabla, ili iutie kivuli miaka mitatu minne ya mwanzo. Jua kali la moja kwa moja huunguza majani machanga. Tandaza majani ya migomba chini, lakini yaache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina. Matunda ya kwanza ni mwaka wa nane hadi wa kumi, pengine zaidi. Anayepanga nyumba asipoteze muda wake na mti huu.

Duriani huota upesi kuliko yote, ndani ya wiki moja, na wepesi huo unadanganya. Adui wake ni ugonjwa wa Phytophthora palmivora, unaoozesha mizizi na shina palipo na maji yaliyotuama, kwa hiyo mpande juu ya tuta la nusu mita. Maua yake hufunguka jioni na kuchavushwa na popo usiku, na miduriani mingi haikubali chavua yake yenyewe. Panda miwili ya mbegu tofauti au usipande. Na shelisheli tunalolijua halina mbegu. Anayelitaka aombe chipukizi la mizizi kwa jirani.

Nirudi kwa shokishoki, kwa sababu hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Miche ya mbegu huzaa baada ya miaka mitano au sita, lakini karibu nusu yake huwa madume: hutoa maua tele kila msimu na tunda hata moja hakuna. Watu husema mti ni tasa au umerogwa, wanautia shoka. Mwenye nafasi na apande miche mitatu, umbali wa mita moja moja, asubiri maua ndipo achague wa kubaki. Uwezekano wa yote mitatu kuwa dume ni kama moja kati ya nane. Nionavyo mimi, bora zaidi ni kubebesha, yaani kuupandikiza mche jicho (chipukizi ambalo halijafunguka) la mti unaozaa. Mche wa mbegu ukifikia unene wa penseli, fungua dirisha kwenye gome, sentimita 1 kwa 3, kimo cha shibiri moja kutoka ardhini. Bandika kipande cha gome chenye jicho kutoka tawi la mti unaozaa, kisha funga kwa utepe wa plastiki kuanzia chini kwenda juu ili maji yasiingie. Fungua baada ya wiki tatu. Ukikwaruza kipande kwa ukucha na ukakuta kijani, jicho limeshika. Ngoja wiki mbili nyingine ndipo ukate shina juu yake. Mti wa namna hii huweza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Unaponunua mche unaodaiwa kubebeshwa, tafuta kovu hilo na kiwiko chake. Usipoliona, umeuziwa mche wa mbegu.

Dume lililokwisha kukua nalo lina dawa. Mvua zikianza, likate kimo cha mita moja, acha tawi moja lenye majani ili mizizi isife njaa, na upake chokaa shina lililobaki wazi lisiunguzwe na jua. Kati ya machipukizi yatakayotoka, bakiza matatu au manne yenye nafasi, na yakifikia unene wa penseli yabandike macho ya mti unaozaa kwa njia ileile. Tawi uliloliacha usilikate baadaye. Maua ya mti unaozaa hutoa chavua kidogo sana, na nyuki wataichukua kwenye tawi hilo la dume.