Kaskazini Ilikuwa Kifuani

Msoma ramani wetu ana sifa moja kubwa: hajawahi kupotea. Anaweza kuchelewa, kilima kinaweza kuhama, waliochora ramani wanaweza kuwa walevi, lakini yeye kupotea, hapana. Tulimwita Mzee wa Dira, na jina lenyewe alijipa mwenyewe.

Mashindano yetu, mbio za timu za kukata nyika, yanamfaa sana mtu wa aina hiyo. Mko 4 kwenye timu, wanaume na wanawake, mnatembea, mnaendesha baiskeli, mnapiga makasia, usiku na mchana kwa siku kadhaa, na saa haisimami hata mkilala. Simu zinafungwa kwenye mfuko wa lakiri kabla ya kuanza, na GPS ni marufuku. Hakuna alama za njia. Kuna ramani, dira na vituo vya kufikia. Tena kanuni zetu zilikataza kuachana zaidi ya mita 100, kwa hiyo hata ukimchukia mwenzako, unamchukia kwa karibu. Mfaransa Gérard Fusil ndiye aliyeandaa mbio za kwanza za namna hii kujulikana duniani, New Zealand, mwaka 1989. Usiku ule nilimtaja mara nyingi, wala si kwa kumwombea heri.

Begi la Mzee wa Dira lilichanika tulipotoka mtoni. Akafungua sanduku la vifaa, akatoa jipya. La kisasa kweli: mrija wa kunywea maji unakaa kwenye mkanda wa kifua kwa kibanio kinachojinatisha chenyewe. Tap! Akaung'oa, akaurudisha. Tap! Tukasifu sana. Watu wasiolala husifu chochote.

Tukaingia msituni giza likiwa limeshika. Kila baada ya muda Mzee anasimama, anaileta dira kifuani, anaikodolea macho kama daktari anayesoma kipimajoto, anatoa hukumu: "Kaskazini kule." Twende. Tukavuka kijito. Baadaye tukavuka kijito. Dada yetu, aliyekuwa na nguvu kutushinda sote na wakati huo ananivuta kwa kamba, akauliza kwa upole kama hiki si kile kile.

"Vijito hufanana," akajibiwa.

Kwenye kijito kilichofuata tulikuta glavu ya kushoto kwenye jiwe. Kapteni akaivaa, ikamwenea barabara. Akafurahi mno, maana ya kwake ya kushoto ilikuwa imempotea usiku huohuo. Tukampongeza. Naapa, hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka.

Halafu nyuma yetu zikaonekana taa za kichwa, nne, zimepangana vizuri. Tukikata kulia, zinakata kulia. Tukisimama, zinasimama.

"Mnaona?" Mzee akatamba. "Nani anamfuata mtu aliyepotea?"

Hoja ilikuwa nzito, tukaendelea. Mpaka kijito kingine. Hapo Mzee akashika dira kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaung'oa mrija anywe maji. Dada yetu alikuwa amemsogelea, taa yake inamulika dira moja kwa moja. Sindano ikayumba, ikazunguka taratibu, ikatulia upande mwingine kabisa. Mzee akamaliza kunywa. Tap! Sindano ikarudi ilikotoka.

"Kaka," dada akasema, "hebu kunywa tena."

"Nimetosheka."

"Kunywa."

Akanywa. Sindano ikaondoka. Tap, ikarudi. Alinyweshwa hivyo mpaka tukaelewa sote: kibanio kilikuwa na sumaku. Kaskazini ilikuwa kifuani mwake, na popote alipogeuka, nayo iligeuka.

"Sasa mnaona," Mzee akasema, "sikupotea. Nilipotoshwa."

Wakati huo wale wa nyuma wakawa wametufikia, hoi, matope hadi kiunoni. Kapteni wetu muungwana, akawaeleza yote: sumaku, vijito, glavu. Kwamba usiku kucha wamefuata kifua cha mtu. Wakasikiliza bila kukatiza.

"Poleni," mkubwa wao akasema. "Kwa hiyo sasa kaskazini ni wapi?"

Mzee wa Dira, mrija umening'inia begani mbali na dira, akanyoosha mkono. Wale wakashukuru, wakajipanga upya nyuma yetu.

"Jamani," kapteni akawauliza, "kwani nyinyi hamna ramani?"

"Tunayo," mkubwa wao akajibu. "Iko mtoni tangu juzi."