Hesabu ya Makutano Ianze Kidato cha Tano

Tunawanyima wanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kitu kikubwa tunapowaambia "mlinganyo huu hauna jibu" na kufuta ubao. Kwenye tuisheni yangu hapa Majengo, Moshi, nachora parabola y = x² kisha naikata kwa mistari. y = 4 inaikata mara mbili. y = 0 inaigusa chini kabisa, nasi tunahesabu mbili, kwa kuwa majibu mawili yamelaliana. y = -1 haiigusi, lakini kwenye namba changamano, ambako i² = -1, yapo majibu i na -i. Na x = 3? Pointi ya pili iko huko kusikofikika, basi wanajiometria wakaongeza pointi za huko kwenye bapa lao. Kila mara mbili! Mwanahisabati Mfaransa Étienne Bézout alilieleza hilo kwa upana mwaka 1779: mikunjo ya digrii m na n, isiyo na kipande cha pamoja, hukutana mara mn.

Kwangu mimi, utamu wenyewe unaanzia hapo. Ondoa pointi moja ya bapa, weka mahali pake mkunjo E unaobeba mielekeo yote ya kuifikia. E hukutana na wenyewe mara -1. Hapo nambari haihesabu tena pointi, inapima umbo.

Sasa chukua uso, kama bapa hilo lenye E, na fungu la mistari L juu yake, yaani kila pointi ya uso imebebeshwa mstari wake. Likizidishwa lenyewe mara za kutosha likaweza kuuingiza uso mzima kwenye anga la projektivu (anga lililoongezewa pointi za kusikofikika), tunaliita ampli. Wanahisabati Nakai na Moishezon walithibitisha miaka ya 1960 kwamba nambari zinatosha kuamua: L·C, yaani nambari ya makutano ya L na C, iwe chanya kwa kila mkunjo C, na L·L pia. Sharti la pili si pambo. Mwanahisabati David Mumford alitoa mfano ambao kila mkunjo unafaulu ilhali L·L ni sifuri.

Kila mkunjo wa uso una fungu lake, na alama ya kutoa hugeuza nambari zake za makutano. Fungu -E ni ampli kwa kulinganisha na bapa la chini, lile la mwanzo, maana kwenye faiba E (yote yaliyo juu ya pointi iliyoondolewa) linatoa +1. Peke yake si ampli: (-E)·(-E) = -1. Liongezee H, mstari wa kawaida wa bapa, mara mbili. H·H = 1, H·E = 0, kwa hiyo (2H - E)·(2H - E) = 4 - 1 = 3, na mikunjo yote inafaulu. Limekuwa ampli. Mwalimu mwenzangu, kufungua mabano hayo tunawafundisha tangu O-level.