Hedifoni au spika? Kwanza kitazame chumba

Hoja kubwa ya watetezi wa hedifoni ni ya fedha, nayo ni nzito. Kiasi kinachokupatia spika za daraja la kati pamoja na amplifaya yake kinatosha kununua hedifoni zilizo karibu na kilele cha ufundi huo. Sababu yake ni ya kifizikia. Hedifoni inasukuma hewa kidogo tu iliyo kati yake na ngoma ya sikio, ndiyo maana nyingi hufikisha desibeli 100 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati moja ya umeme. Spika ya nyumbani ikipewa wati nzima, yaani nguvu mara elfu moja, humpa msikilizaji aliye mita moja mbele yake desibeli 87 hivi. Ikitakiwa ishuke hadi kwenye besi ya kweli, inadai koni pana (utando unaosukuma hewa), kasha kubwa na umeme zaidi, na kila kimoja kina gharama yake. Anayesema kuwa hedifoni inatoa ubora zaidi kwa bajeti ileile amesema kweli. Tatizo ni pale anapoona kwamba mjadala umeishia hapo.

Watetezi wa spika nao wana udhaifu wao, na kwa maoni yangu ni mkubwa zaidi kwa sababu hawautaji. Wanazungumzia spika kana kwamba ndiyo wanayoisikia. Wanachosikia ni spika pamoja na kuta nne, dari, sakafu, kabati na dirisha. Sauti ya moja kwa moja inafika kwanza, kisha ndani ya milisekunde chache zinafuata nakala zake zilizogonga ukuta wa kushoto, meza na dari. Ubongo unaziunganisha zote na kuzichukua kuwa sauti moja, ila rangi ya sauti hiyo imeshabadilika.

Kwenye besi hali ni mbaya zaidi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la masafa ya 43 Hz, yaani mitikisiko 43 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita nane. Chumba chenye urefu wa mita nne kinabeba nusu kamili ya wimbi hilo kati ya ukuta na ukuta, na noti zilizo karibu na masafa hayo zinavimba na kuchelewa kuisha. Waya mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne huanzia 41 Hz, kwa hiyo suala hili limo ndani ya nyimbo tunazosikiliza kila siku. Ukikaa karibu na ukuta wa nyuma, noti hiyo inakufunika. Ukisogeza kiti hadi katikati ya chumba, inakaribia kupotea. Spika ni ileile, amplifaya ileile, wimbo uleule. Katika vyumba vya kawaida, chini ya 200 au 300 Hz anayetawala ni chumba, na Floyd Toole, mtafiti wa Kanada aliyepima spika kwa miongo mingi, amelieleza hili kwa kirefu. Bado watu wanabadilisha nyaya kabla ya kubadilisha mahali pa kiti.

Ndiyo maana namwelewa mtu aliyetumia fedha nyingi kwa spika, akazisukuma kwenye pembe za chumba, ambako besi huvimba zaidi, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi, kisha siku moja akavaa hedifoni nzuri na kwa mara ya kwanza akausikia mstari wa besi ukitembea noti kwa noti. Hedifoni zinazoziba vizuri kuzunguka sikio zinaweza kushuka hadi 20 Hz, mpaka wa chini wa usikivu wa binadamu, bila ukuta wowote kuingilia. (Zisipoziba, kwa sababu ya miwani, nywele au mito iliyochakaa, besi inavuja. Ni jambo dogo linalosahaulika sana watu wanapolinganisha modeli.)

Kama usahihi wa masafa ungekuwa ndio kila kitu, ningesimama upande wa hedifoni bila kusita. Lakini stirio haikubuniwa kwa ajili yake. Mwaka 1931 Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya muziki ya EMI nchini Uingereza, aliomba hataza ya mfumo wa sauti wa njia mbili, na msikilizaji aliyemfikiria alikuwa ameketi mbele ya spika. Katika mpangilio huo kila sikio linasikia spika zote mbili. Sauti ya spika ya kushoto inalifikia sikio la kushoto, na karibu robo ya milisekunde baadaye inalifikia la kulia, ikiwa imefifia kidogo kwa kukingwa na kichwa. Kutokana na tofauti hizo ndogo ubongo unamweka mwimbaji katikati, mahali pasipo na spika yoyote, na kuwapanga wapigaji mbele yako kushoto na kulia.

Hedifoni inaukata mchakato huo. Sikio la kushoto linapata njia ya kushoto tu, la kulia njia ya kulia tu. Mwimbaji anahamia ndani ya kichwa, wapigaji wanapangwa kwenye mstari kutoka sikio hadi sikio, na ukigeuza shingo bendi nzima inageuka nawe. Rekodi nyingi za miaka ya 1960 ziliweka ngoma zote upande mmoja na sauti ya mwimbaji upande wa pili. Kwenye spika zinavumilika kabisa, lakini kwenye hedifoni zinachosha kabla wimbo haujafika nusu. Wahandisi waliliona mapema. John Koss alileta hedifoni za stirio sokoni Marekani mwaka 1958, na kufikia 1961 Benjamin Bauer alikuwa ameshachapisha sakiti ya kupitisha sehemu ya njia moja kwenda sikio la pili, kuiga kinachotokea mbele ya spika. Leo kazi hiyo hufanywa na programu. Inapunguza uchovu kweli, ila kwa wasikilizaji wengi mwimbaji anabaki kichwani.

Utafiti ulionishawishi zaidi ulitoka upande wa hedifoni wenyewe. Katika miaka ya 2010 Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman waliwasikilizisha watu hedifoni mbalimbali bila kuwajulisha chapa zake. Zilizopendwa zaidi zilikaribia uwiano wa besi na sauti za juu unaotolewa na spika nzuri ndani ya chumba kizuri. Mchoro uliotokana na kazi hiyo ndio unaotumiwa sasa na wengi kuhukumu hedifoni mpya. Anayeusifu mchoro huo na papo hapo kudai kwamba spika zimepitwa na wakati, anasahau kwamba kipimo chake kilitokana na spika zilizo chumbani.

Halafu kuna suala la undani, ambalo hutajwa na kila aliyehamia hedifoni: nasikia mwimbaji akivuta pumzi, nasikia vidole vikiteleza kwenye waya, nasikia kiti kikilia studioni. Ni kweli anavisikia. Ninachokataa ni kudhani kwamba kuvisikia vitu hivyo zaidi ni kuukaribia muziki zaidi. Maikrofoni huwekwa sentimita chache kutoka mdomoni, na hakuna msikilizaji anayesimama hapo mwimbaji anapoimba. Mchanganyaji wa sauti studioni aliyefanya kazi mbele ya spika alizipima pumzi hizo akijua kuwa hewa ya chumba itazilainisha. Kwa anayekagua rekodi, kusaka kasoro au kujifunza sehemu ya ala fulani, hedifoni ni chombo bora. Kwa anayetaka kusikia jinsi ala nane zinavyopumua pamoja, undani huo mara nyingi humvuta aufuate mti mmoja mmoja na kuuacha msitu.

Hapa lazima niwape haki watetezi wa hedifoni. Tangu Walkman, kicheza kaseti cha mfukoni, ya mwaka 1979, na zaidi tangu simu zichukue nafasi yake, sehemu kubwa ya dunia inasikiliza muziki kwa masikio yaliyofunikwa, na watunzi wanajua hivyo. Kuna nyimbo za kunong'ona na za kielektroniki zilizoundwa kwa ukaribu huo hasa. Ukizipiga kwenye spika zinapoteza kitu. Rekodi zilizofanywa kwa maikrofoni mbili ndani ya masikio ya sanamu ya kichwa nazo hazina maana bila hedifoni. Hedifoni zinazofuatilia mzunguko wa kichwa pia zinapunguza tatizo la sauti kukaa kichwani, hasa hesabu zake zikifuata umbo la masikio ya mvaaji mwenyewe.

Kuhusu usalama sitakawia. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 za ziada zinapunguza muda huo kwa nusu, hivyo ukifika 89 zimebaki saa tano. Spika zinaweza kuumiza pia, ila majirani hulalamika mapema. Hedifoni haina wa kulalamika.

Kinachobaki, na ambacho hakuna hesabu inayokirudisha, ni mwili na watu. Besi nzito kutoka kwenye spika inagonga kifua na miguu, na sehemu hiyo ya muziki wa dansi hedifoni haina njia ya kuifikisha. Watu watatu wakiwa chumba kimoja wanasikia wimbo mmoja kwa wakati mmoja, mmoja anaupandisha, mwingine anasema rudia hapo. Kwangu hilo linatosha kuchagua spika popote chumba kinapokubali.

Lakini vyumba vingi havikubali, na ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaomshauri kila anayeanza anunue spika. Kama spika lazima zikae kwenye pembe, kama kiti hakiwezi kuondoka ukutani, kama jirani analala nyuma ya ukuta mwembamba, basi fedha hizo ziende kwenye hedifoni nzuri, na spika ndogo za kawaida zitatosha wageni wakija. Kuupima mpaka huo hakuhitaji fundi. Piga kwa sauti ya wastani mlio unaopanda polepole kutoka 30 hadi 200 Hz huku umeketi mahali pako pa kawaida, kisha urudie ukiwa umesogea hatua mbili. Ikiwa baadhi ya noti zinanguruma na nyingine zinatoweka, na kiti hakina pengine pa kwenda, spika ya bei mara tatu itanguruma na kutoweka palepale.